Kuipoza Raspberry Pi bila feni katika joto la Tanga

Kifaa kinachokwenda vizuri asubuhi kisha kikazubaa kuanzia saa saba mchana, mimi hukishuku joto kabla ya kitu kingine chochote. Virusi havichagui saa. Intaneti mbovu huwa mbovu hata alfajiri. Joto ndilo lenye ratiba, na hapa Tanga ratiba yake tunaijua: Kaskazi ikishaanza kuvuma mwezi wa kumi na mbili, mpaka masika yapige, sebule yetu inafika nyuzi 31, siku nyingine 33, na usiku haishuki sana.

Kifaa chenyewe ni Raspberry Pi 4, kompyuta ya bodi moja yenye urefu wa milimita 85 na upana wa 56. Iko kwenye rafu sebuleni na kazi yake ni maktaba. Ndani yake nimeweka Kiwix, programu inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, nikapakia Wikipedia ya Kiswahili, na pembeni mitihani ya miaka iliyopita ambayo nimeikusanya kwa kuwa nafundisha fizikia sekondari. Watoto wa mtaa wanakuja barazani na simu za wazazi wao, wanajiunga na Wi-Fi ya nyumbani, wanasoma bila kununua bando. Mtoto aliyekuja kutafuta habari za mzunguko wa damu akasubiri ukurasa mpaka akachoka, kesho haji. Hilo linaniuma kuliko kifaa kuharibika, na ndilo lililonifanya nilishughulikie joto kwa dhati.

Kabla ya kushika bisibisi, pima. Raspberry Pi ina kipimajoto ndani ya chipu, na amri moja inatosha kukisoma:

vcgencmd measure_temp

Inakuletea jibu kama temp=63.2'C. Amri ya pili wengi hawaijui, nami naithamini zaidi:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0, tangu uiwashe haijawahi kubanwa mwendo. Likiwa 0x50000, voltaji iliwahi kushuka chini ya 4.63 na mwendo ukabanwa kwa ajili hiyo. Hapo tatizo ni chaja au waya, na hata ukifunga hitisinki, yaani kipande cha chuma chenye mapezi cha kutolea joto, ya kilo nzima hutatibu kitu. Bodi hii inataka chaja ya volti 5.1 na ampea 3, na ule waya mwembamba wa kuchajia simu unakula volti njiani. Jibu la joto ni lingine: 0xe0000. Hiyo ni jumla ya habari tatu, kwamba kasi iliwekewa kikomo, kwamba mwendo ulibanwa, na kwamba kikomo cha joto kiliguswa. Mimi nilikuwa naipata hiyo kila alasiri ya Kaskazi, na asubuhi nikiwasha upya napata 0x0.

Prosesa ya Pi 4 yangu inakwenda kwa gigahezi 1.5. Ikikaribia nyuzi 80 huanza kujipunguza yenyewe, na ikifika 85 hujibana zaidi. Haiungui, inajilinda. Kwa hiyo huoni moshi wala husikii harufu, unaona tu kurasa zinachelewa, na mtu asiyepima atalaumu kadi ya memori, ataibadilisha, na siku ya pili saa nane mchana yuko palepale.

Kitu cha tatu cha kupima ni chumba. Tundika kipimajoto cha ukutani karibu na rafu, mbali kidogo na kifaa, halafu utoe joto la chumba kwenye joto la chipu. Tofauti hiyo ndiyo namba ya kuiandika daftarini, kwa sababu inabaki karibu ileile chumba kikipoa au kikichemka, mradi kazi haijabadilika. Yangu ilianza hivi: chumba nyuzi 31, chipu 64 ikiwa imetulia, tofauti 33. Nikiisukuma viini vyote vinne vya prosesa kwa stress-ng, programu ya kuipa prosesa kazi nzito kwa makusudi, ilipanda mpaka 82 na kuanza kujibana, na nyuzi 82 zilizobanwa hazikuambii chochote kuhusu ingefika wapi ingeachiwa. Ukiielewa tofauti hii utazisoma vizuri pia zile video za Ulaya ambazo mtu anaonyesha kasha lake la plastiki likifika nyuzi 68 anasema ni salama. Chumba chake kina nyuzi 20. Kasha lilelile likija Tanga, au Lamu, au Muscat kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, ongeza kumi na zaidi.

Sasa, joto lenyewe linatoka wapi na linataka kwenda wapi? Umeme wote unaoingia kwenye kifaa hiki unaishia kuwa joto. Ikiwa imetulia inakula wati 3 hivi, ikifanya kazi kwa nguvu zote inakaribia 7. Si nyingi, ila sehemu kubwa yake huzalishwa kwenye chipu yenye upana wa sentimita moja na nusu, na kutoka hapo lazima zipite kwenye kitu fulani mpaka zifike kwenye hewa ya chumba, na hewa ya chumba itoke dirishani. Kila hatua ya safari hiyo ina ukinzani wake. Wati kwa mita kwa kila nyuzi ndicho kipimo cha uwezo wa kitu kupitisha joto: hewa iliyotulia ni 0.026, plastiki ya makasha iko karibu na 0.2, pesti ya prosesa, ile inayopakwa kati ya chipu na chuma kinachoipoza, ni kati ya 1 na 10 hivi kutegemea aina, alumini karibu 200, shaba karibu 400. Ukiitazama safu hiyo ya namba unaona kwa nini kasha la plastiki lililofungwa ni adhabu. Chipu imezungukwa na hewa isiyotembea, na hewa hiyo imezungukwa na plastiki.

Kwetu kulikuwa na tabaka la tatu. Mama ana mkono wa kufuma, na kila kitu chenye umeme sebuleni kina kitambaa chake: redio, king'amuzi, televisheni. Maktaba ilipofika nayo ilipata chake, cheupe chenye maua ya kahawia pembeni. Nilimkalisha nikamwonyesha namba kwenye simu, kitambaa kikiwa juu na kikiwa kimetolewa.

"Mama, hewa ya moto inatokea kwa juu, na hapa juu pamezibwa."

Akatazama namba zikishuka taratibu, akauliza, "Na vumbi je, mwanangu? Na mijusi?"

Swali lake lilikuwa la haki, na liliongoza kazi yote iliyofuata. Nyumba za pwani zina mijusi, na mjusi anapenda kitu chenye uvuguvugu. Ataingia, atakunya juu ya bodi, atataga mayai pembeni, na sisimizi watafuata. Huwezi kumwambia mtu afungue kifaa wazi ukamwacha hapo. Tulikubaliana kwamba nitatengeneza fremu ya waya yenye nafasi ya sentimita tano kila upande, na yeye ataishonea wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Wavu unapunguza kidogo mwendo wa hewa, lakini ukiwa mbali na kifaa na mpana hivyo, kwenye kipimo sikuona tofauti inayofika hata nyuzi mbili. Vitambaa vyake vimehamia kwenye rafu ya chini na kwenye meza, na kile cha maua ya kahawia kiko chini ya saa.

Kuna nafuu zisizogharimu chochote, na hizo zianze. Pi 4 ilipotoka Juni 2019 watu wengi walilalamikia joto lake, na miezi iliyofuata zikatolewa programu mpya za ndani, hasa ya chipu inayoendesha milango ya USB, zilizopunguza umeme unaoliwa. Amri ya sudo rpi-eeprom-update inakuambia kama bodi yako imeshapata toleo jipya. Kisha ondoa kazi zisizohitajika. Maktaba yangu haina skrini, kwa hiyo haina haja ya kuendesha dirisha na aikoni. Inaishia kwenye mstari wa amri tu. Bluetooth nimeizima kwenye faili la config.txt kwa dtoverlay=disable-bt, na Wi-Fi ya bodi nimeizima kwa dtoverlay=disable-wifi, kwa sababu nimeiunganisha na ruta kwa waya. Hayo ni mapunguzo madogo madogo, lakini joto ambalo halijazalishwa halihitaji kupozwa.

Nafuu nyingine ya bure ni kuisimamisha. Bodi ikilala, hewa ya moto ya upande wa chini inanaswa kati yake na rafu. Ikisimama wima, hewa inapanda pande zote mbili bila kizuizi, na nyingine ya baridi inavutwa kutoka chini kuchukua nafasi yake. Kutoa kasha, kutoa kitambaa na kuisimamisha, hayo peke yake yaliishusha mpaka nyuzi 54 ikiwa imetulia, chumba kikiwa 31 vilevile. Mtu ambaye kazi yake ni nyepesi anaweza kuishia hapo.

Mimi sikuweza, maana baraza likijaa jioni prosesa inafanya kazi kweli. Na hapa wengi wangenunua feni. Feni inafanya kazi, sina ubishi na hilo. Feni ndogo ya milimita 30 inayopuliza juu ya hitisinki ndogo inaweza kushusha nyuzi ishirini bila shida. Lakini inavuta nini? Sisi tuko karibu na bahari. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na barabara ya mbele ina vumbi la changarawe. Feni inaokota vyote hivyo mchana na usiku na kuvipuliza moja kwa moja juu ya bodi, mpaka bearingi zake zenyewe zinaanza kukwaruza. Feni za bei ndogo zikianza kukwaruza, hazina muda mrefu. Ikifa, kifaa ulichokizoesha upepo kinabaki na hitisinki ndogo ambayo peke yake haitoshi, na hakuna anayegundua mpaka kurasa zichelewe tena. Nilitaka kitu kisicho na sehemu inayozunguka.

Nikaenda Ngamiani kwa fundi wa redio ninayemwamini. Nilimweleza wati 7, chumba nyuzi 33, bila feni. Hakuniuliza kompyuta ni nini. Alivuta kutoka chini ya meza hitisinki nyeusi ya alumini, urefu kama wa mkono kutoka kifundo mpaka ncha za vidole, mapezi yake yameachana.

"Mwalimu, hii ilikuwa ya amplifaya ya harusi. Imepoza transista za wati mia. Hizo saba zako haitazisikia."

Angeweza kunipa ile ya prosesa ya kompyuta ya mezani, alikuwa nayo, inang'aa na mapezi yake ni mengi zaidi. Lakini mapezi yaliyobanana yametengenezwa kwa ajili ya feni. Pasipo feni, hewa iliyo katikati ya mapezi yaliyokaribiana sana inasuguana na pande zote mbili na kutambaa kwa shida. Hewa ikipanda kwa wepesi wake tu inataka nafasi ya milimita sita mpaka kumi kati ya pezi na pezi, na amplifaya za zamani zilitengenezwa hivyohivyo. Weusi wake nao una kazi. Alumini iliyong'arishwa hutoa chini ya sehemu moja ya kumi ya mnururisho wa joto, yaani joto linalotoka kama miale, unaowezekana. Ile iliyotiwa rangi nyeusi ya anodi hutoa karibu nane kwa kumi. Kwenye upepo wa feni tofauti hiyo haionekani, lakini pasipo feni mnururisho ni sehemu kubwa ya joto linalotoka. Na mapezi yaelekee juu na chini, si kulia na kushoto. Nimeona vifaa vya dukani vilivyotundikwa ukutani mapezi yakiwa yamelala, na kila pezi limekuwa rafu ya kuzuia hewa.

Tatizo la kuweka bamba kubwa juu ya Pi ni kwamba chipu ni fupi kuliko majirani zake. Pini 40 za pembeni zinasimama milimita 8.5 juu ya bodi, na milango ya USB na ya mtandao ni mirefu zaidi. Kwa hiyo kati ya chipu na bamba unahitaji kipande cha kati. Nilikata alumini ya mraba wa milimita 15, unene milimita 10, kwa msumeno wa chuma, na bamba nikaliweka liishie kabla ya milango ya USB. Pini za 2 na 4 zina volti 5, na zikigusa chuma kilichounganishwa na ardhi ya bodi umepoteza kila kitu kwa sekunde moja, basi nilizifunika zote 40 kwa soketi ya plastiki kisha tepu ya umeme juu yake.

Hapa kwenye kipande cha kati ndipo pa kutulia. Alumini iliyokatwa kwa msumeno, hata ukiipitisha tupa mpaka ikaonekana nzuri, ina vilima na mabonde. Sehemu mbili za chuma zikikutana namna hiyo zinagusana kwenye vilima tu, na mabonde yote yamejaa hewa, ile ya 0.026. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kiweke juu ya meza iliyo sawa, tandaza msasa wa namba 400 na uunyunyizie maji. Chora mistari ya kalamu ya wino usiofutika kwenye uso wa alumini, kisha sugua kwa kuzungusha herufi nane, ukikandamiza kidogo tu. Ukigeuza utaona mistari imefutika pembeni na imebaki katikati, au imebaki kona moja. Palipobaki wino ndipo penye bonde. Chora tena, sugua tena, mpaka wino wote ufutike kwa pamoja, halafu malizia na namba 800. Hauhitaji kung'aa kama kioo. Unahitaji kuwa bapa. Uso wa hitisinki unaopokea kipande nao usuguliwe vilevile mpaka rangi nyeusi itoke mahali pale, maana rangi ni kinzani nyingine. Mwisho ufute kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, na usiuguse tena kwa kidole.

Baada ya usuguaji huo pesti inabaki na kazi moja, kuijaza ile mianya midogo ambayo msasa haukuifikia. Tone la punje ya mchele linatosha kwa chipu ya ukubwa huu. Pesti nyingi inayotoka pembeni haikuongezei kitu, kwa kuwa hata iliyo nzuri inapitisha joto mara ishirini na zaidi chini ya alumini. Na tafadhali, dawa ya meno si pesti. Naiona ikipendekezwa, na kwa siku za kwanza namba zinapendeza kwa sababu ina maji. Maji yakishakauka unabaki na unga mkavu uliojaa hewa, na baadhi ya viungo vyake vinakula chuma.

Mkandamizo nao ni sehemu ya mpitisho. Bodi ina matundu manne ya skrubu za milimita 2.5, yaliyoachana milimita 58 kwa 49. Skrubu za milimita 3 ndizo rahisi kupatikana, na kishawishi ni kuyapanua matundu. Usifanye hivyo, kuna njia za umeme karibu yake. Skrubu za 2.5 zimejaa kwenye laptopu mbovu kwa mafundi. Chini ya kichwa cha kila skrubu niliweka springi ya kalamu, ili mkandamizo uwe sawa pembe zote na bodi isipinde, nikawa nakaza kwa kupishana pembe, robo zungusho kila mara. Uzito wa hitisinki usiubebeshe bodi. Nimefunga hitisinki kwenye ubao, ubao ukasimama kwenye rafu, na bodi ndiyo iliyoning'inia kwenye hitisinki.

Mtu ataniuliza kwa nini kipande cha kati nisikitengeneze kwa shaba, ambayo inapitisha mara mbili. Kwa unene wa milimita 10 na wati 7, tofauti kati ya shaba na alumini ni nyuzi moja hivi, haizidi. Lakini shaba na alumini zikigusana kwenye hewa yenye chumvi na unyevu, alumini inaliwa polepole kwenye mpaka wao na kuacha unga mweupe, na unga huo ni ukinzani mpya. Dodoma ningetumia shaba bila wasiwasi. Tanga, alumini kwa alumini.

Matokeo: chumba nyuzi 31, imetulia 45, tofauti 14 badala ya 33. Viini vyote vinne vikisukumwa inafika 61 na kubaki hapo, bila kubanwa. Hitisinki nzito inachelewa kupata joto, kwa hiyo usisome namba baada ya dakika tano ukashangilia. Iache hata saa nzima ndipo usome. Alasiri mbaya za Kaskazi get_throttled inajibu 0x0, na watoto sasa wanafungua hata picha kubwa za ramani wote kwa pamoja.

Ruta nayo ilihitaji macho, na hii inamhusu kila mtu mwenye intaneti nyumbani hata kama hajawahi kusikia Raspberry Pi. Ruta nyingi zina mianya chini na juu. Ukiilaza juu ya kitambaa, mianya ya chini imezibwa na ya juu haina cha kupitisha. Iinue kwa vizibo vinne vya chupa za maji, au bora zaidi itundike ukutani mianya ikiwa juu na chini. Usiiweke juu ya kabati karibu na mabati, maana hewa yote ya moto ya chumba inakusanyika huko, hasa nyumba isiyo na dari; wala usiipandishe juu ya king'amuzi. Ndani ya ruta, na ndani ya adapta yake, kuna kapasita zenye kimiminika, na hizo ndizo zinazoamua umri wa kifaa. Mafundi wa umeme wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi kumi zikipungua, umri wa kapasita hizo huongezeka mara mbili. Kapasita iliyopewa saa 2,000 kwenye nyuzi 105, ikiishi kwenye nyuzi 65 itakadiriwa saa 32,000, yaani miaka mitatu na nusu na ushee ya kuwaka bila kuzimwa. Ishushe ifike 55 na inakuwa saa 64,000, zaidi ya miaka saba. Vizibo vinne vya chupa!

Adapta usiifungue. Ndani yake umeme wa volti 230 umegeuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kwa volti zinazokaribia 325, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa. Adapta ipewe hewa tu: isikae nyuma ya pazia, isifunikwe na mto wa kochi, isibanwe na nyingine tatu kwenye ekstensheni moja iliyo chini ya zulia. Hapo hatuongelei tena kurasa zinazochelewa, tunaongelea moto.

Wala usikimbilie friji, kwa kifaa chochote. Chumba chenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 26 hivi kinatoka jasho kikikutana na hewa. Simu au bodi iliyotolewa kwenye friji italowa ndani, mahali usipopaona, na hewa yetu ina chumvi.

Utunzaji wake ni mdogo. Kabla ya Kaskazi kuanza napitisha brashi laini kwenye mapezi na Mama anafua wavu. Pesti nitaibadilisha siku tofauti ile ya 14 ikianza kupanda bila sababu, sitaifungua kwa kufuata kalenda.

Madrasa ya mtaa wa pili wameona maktaba hii wakataka ya kwao, na kijana mmoja wao ameshauri wanunue Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023. Ni ya kasi zaidi, hilo ni kweli. Lakini inataka chaja ya volti 5 na ampea 5, kwenye kazi nzito inakula umeme mwingi zaidi kuliko ya 4, na watengenezaji wenyewe wanaiuzia kipozeo chenye feni. Chumba cha madrasa kiko chini ya mabati matupu. Kwa maktaba ya maandishi na picha, nimewashauri wachukue Pi 4 ya gigabaiti 2, na fedha inayobaki wanunue chaja nzuri na wapige dari.